Mapovu ya Bahari ya Dominika

Jumanne, 4 Machi

Bwawa la Anderlecht, hapa Brussels, saa moja jioni, somo la nne. Kofia ya kuogelea imenishinda tena. Rasta zangu ni nyingi, mpira wenyewe mdogo, na bila kofia hawakuruhusu hata kugusa maji. Nimevuta mpaka machozi. Mwalimu Sabrina, binti wa miaka ishirini na ushei, alicheka. Nikamnunia. Lakini leo nimeweka uso majini mpaka nikahesabu sita. Miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Goma, kwetu dakika kumi tu toka ziwani, na sijui kuogelea. Wazungu hawaelewi.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini Woluwe tangu saa kumi na mbili asubuhi, wodi ya wazazi. Nimeogesha watoto watano. Miaka kumi na tisa naogesha watoto wa watu. Wa binti yangu Furaha anazaliwa mwezi wa tisa, mjukuu wangu wa kwanza, na Furaha yuko kisiwa cha Dominika, huko Karibi, kwa mumewe Elvin anayetembeza watalii baharini. Ndiye mtoto wangu wa pekee.

Leo nimemwomba mkunga wetu aandikishe jina la Furaha, ajifungulie hapa. Furaha hajui. Nitamwambia nikifika kwake mwezi ujao. Kuogelea, kutazama samaki, kupanda milima, hayo ni mapambo ya safari tu. Naenda kumrudisha.

Jumapili, 23 Machi

Simu baada ya misa. Furaha katuma picha ya pwani yao. Mchanga mweusi, maji ya kijani, milima imesimama nyuma. Pazuri, sikatai. Kisha akasema bado anaogelea kila asubuhi, na mimba yake hiyo. Nikajibu vizuri, mwanangu. Si kweli. Nimekasirika mchana kutwa, nikaunguza na sombe yangu ya majani ya muhogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Paris. Guadeloupe. Kisha boti, nimetapika mara mbili mbele za watu. Furaha alikuwa bandarini, tumbo limeanza kuonekana. Nililia bila haya.

Elvin kabeba mizigo yote. Yeye na Krioli yake, mimi na Kifaransa changu, tunaelewana nusunusu. Nilikuja nimejipanga kumchukia. Akaniletea chai ya tangawizi kabla sijavua viatu. Kazi ipo.

Jumatatu, 7 Aprili

Aibu. Naandika yote leo, nisije nikajidanganya kesho.

Elvin alikuwa na watalii wanane majini, Furaha kati yao, nyuso chini, miwani na kile kibomba cha kupumulia. Mimi nimesimama, maji kiunoni. Nikainamisha uso kama Sabrina alivyonifundisha. Chini, kati ya mawe, mapovu yanapanda. Mengi, mfululizo, na maji pale yana joto.

Mtu wa Goma haulizi mara mbili. Kwetu maji yakichemka bila moto ni mazuku, ile hewa ya volkano isiyo na harufu. Inalaza mbuzi, inalaza watu, na hawaamki. Nikapiga yowe: "Mazuku! Mutoke mu mayi! Furaha, toka, utakufa na mutoto!"

Kiswahili anakijua mmoja tu, lakini walitoka mbio wote. Bibi mmoja alichanika goti kwenye jiwe. Ndipo nikaambiwa mapovu hayo ndiyo watu wanavuka bahari kuja kuyaona.

Ningenyamaza hapo. Sikunyamaza. Nikamwambia Furaha mbele ya wote kwamba hapa si mahali pa kuzalia, na kwamba jina lake liko tayari Brussels. Alinitazama kama mgeni.

"Maman, ulikuya kunitembelea ao kunirudisha?"



Jumanne, 8 Aprili

Furaha hasemi nami. Kala chumbani kwake. Nimefua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi. Kuhusu jina, nimekosa, najua. Kuhusu mapovu, nilichokiona nilikiona. Naogopa nitarudi bila binti na bila mjukuu.

Jumatano, 9 Aprili

Elvin kanipeleka mlimani, sisi wawili tu. Sikutaka, nikaenda. Saa mbili za tope na mizizi, magoti yananidai. Mawe meusi kama ya kwetu, harufu ya yai bovu.

Tulipokaribia bonde lenye moshi, kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama. Elvin akanidaka mkono, akaniinua wima. Hapa usiiname, maman. Hewa mbaya inakaa chini.

Maneno hayohayo mama yangu alinikaripia nayo Goma nikiwa mdogo. Elvin kayapata kwa mama yake. Nikamuuliza, basi pwani je? Bahari iko wazi, kasema, upepo unafagia. Siku upepo ukilala haingizi mtu majini, na Furaha hamruhusu hata kukaribia.

Hakuna siku niliyowahi kumuuliza. Nilimwona mtoto wa watu mjinga, kumbe anamlinda mwanangu kwa akili zilezile nilizolelewa nazo. Nimeona haya. Nimefurahi pia, sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi upepo mzuri. Nilimwomba Furaha msamaha jikoni, nimesimama, bila kuzungukazunguka. Akaenda akarudi na miwani miwili.

Tuliingia tumeshikana mikono. Samaki wa manjano, wa buluu, mmoja mwenye sura ya mtu aliyekosa basi. Mapovu yalipita vidoleni, yakanitekenya tumboni. Kama dakika nzima nilisahau kuogopa. Kisha nikameza maji, nikakohoa, Furaha akacheka ndani ya kibomba chake. Siku nne sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Mchana nikataka kuiona hospitali yao. Nimekagua vitanda, sabuni, chumba cha kuzalia. Mkunga ana mikono safi na maneno machache. Alinijibu maswali yote, hata yale ya kichokozi. Nilitafuta kasoro kwa bidii. Kuna dirisha moja halifungi.

Jioni nimemwandikia mkunga wetu Brussels afute jina. Imeniuma. Nimeutuma ujumbe.

Jumanne, 22 Aprili

Brussels tena. Mvua, kazi, tramu. Watoto watatu leo, mmoja mwenye nywele hadi masikioni.

Nimeomba likizo, mwezi wa tisa wote na nusu ya wa kumi. Mkuu wa wodi aliuliza kama binti anakuja kujifungua. Nikasema hapana, ninaenda mimi. Akatia sahihi.

Furaha kapiga simu wakati wa mapumziko. Elvin analima kipande nyuma ya nyumba, anauliza maman atapenda kula nini akija. Nimesema lengalenga, mchicha wa kwetu. Wapande karibu na mlango, niweze kuchuma nikiwa na mtoto mgongoni.