Leso ya Zuhura Yasemaje

Malindi, Jumamosi, Agosti 1986

Manyunyu tangu asubuhi, kisha jua kidogo alasiri. Sina furaha wala huzuni. Miguu ndiyo inayoniuma, maana nilivaa viatu vya kwendea harusini.

Nimetoka kwenye maonyesho ya mavazi. Hoteli imeyaita Wiki ya Mitindo, ingawa maonyesho yenyewe ni mawili tu, na ya pili ni ya nguo za kuogelea. Mbunifu ni bibi mmoja wa Kitaliano. Mwezi uliopita aliingia duka la leso hapa mjini, akanunua karibu rafu nzima, akaenda kuzikata. Mhindi mwenye duka kwa furaha yake akawagawia tiketi wateja wake wa siku nyingi. Mama akapata mbili.

Mama alisema anakwenda kuangalia leso tu.

Mtaa mzima ulijua kwamba mdogo wangu Zuhura angepita jukwaani, na mama naye alijua. Hawasemezani tangu Ramadhani, Zuhura alipochukua kazi ya mapokezi katika hoteli hiyo hiyo bila kuomba ruhusa, akahamia mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini, kwa rafiki yake wa bara. Nyumbani jina lake halitajwi. Mama akimkusudia husema "yule". Mimi niko katikati yao, nabeba salamu ambazo hakuna aliyenituma.

Jukwaa lilikuwa la mbao, kando ya bwawa la kuogelea. Wasichana walipita mmoja mmoja, nyuso wamezikaza kana kwamba wametukanwa. Watalii walipiga makofi, nami nikapiga walipopiga. Nguo zilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Ila yule bibi hajui kwamba leso husomwa. Maandishi ameyakata katikati, mengine ameyageuza juu chini. Msichana mmoja alibeba kifuani nusu ya salamu za sikukuu. Sisi wa mjini tulikuwa tukisoma na kuuma midomo, wageni wakadhani tumependezwa.

Kisha akatoka Zuhura.

Gauni refu, jekundu na jeusi, bega moja wazi. Mama hakulisemea lile bega, nikashangaa. Zuhura alipofika mbele yetu alimwona, akasita, akasimama pale zaidi ya walivyosimama wenzake. Halafu akageuka, na maandishi yakawa pale kiunoni, kwa nyuma. Leso ile naijua, nusu ya wanawake wa mtaani kwetu wanayo: "Majirani acheni umbea." Baada ya mkasi wa yule bibi yalibaki "RANI ACHENI UMB".

Hapa lazima nieleze jambo, hata kama najiandikia mwenyewe. Mama anasoma Kurani tangu utoto wake, lakini herufi za kizungu hazijui. Kila leso aliyonunua, ama mimi ama Zuhura tulimsomea pale pale dukani kabla hajaikubali. Na kwake leso haivaliwi hivi hivi. Ukiivaa ukasimama mbele ya mtu, umeshamwambia.

Akaniinamia sikioni. "Yasemaje leso ya Zuhura?"

Zuhura. Miezi yote hii ni "yule", na leo kalitaja jina.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningesema kweli.

"Yasema, 'Mama, niwie radhi.'"

Nyuma yetu alikaa mke wa yule Mhindi, mwanamke anayeijua kila leso iliyowahi kukaa dukani kwao. Akakohoa. Nilipogeuka nilimkuta ameinama anazungusha bangili zake mkononi. Nitamshukuru siku moja, nikipata namna ya kumshukuru bila kulitaja jambo lenyewe.

Mama akauliza kama ni kwa herufi kubwa. Nikamwambia kubwa. Akauliza kama na Wazungu wameyaona. Nikamwambia wameyaona wote. Akavuta buibui lake mpaka chini ya macho, na nguo zilizofuata sidhani kama aliziona.

Tulipofika mlangoni ndipo aliposema, bila kunitazama:

"Kamwambie mwenzio nimeisoma. Kesho aje ale."

Nimeisoma. Mama yangu huyo.

Sasa naandika na huku namsikia uani akichagua mchele wa kesho. Anaimba kidogo, halafu anajikumbuka, ananyamaza. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yangu ni kuwazuia watoto wasibuni maneno yasiyokuwapo ubaoni, na wakibuni nawasimamisha. Nimejichunguza kama ninajuta, sijuti. Labda majuto yatakuja na chai.

Linalonisumbua ni Zuhura. Sijui alisita kwa nini pale mbele yetu, huenda ni viatu. Ubishi wake ni wa mama mtupu. Tangu tukiwa wadogo sijamsikia akimwomba mtu radhi, na hajui kwamba leo ameomba, tena hadharani. Akiingia hapa kesho kichwa juu, mama akamwambia yamekwisha mwanangu, naye akauliza yepi, basi mchele ule wataula kuku.

Kwa hiyo alfajiri nitakwenda Kisumu Ndogo, nimgongee mlango kabla hajatoka, nimweleze mgongo wake ulisema nini. Kumweleza naweza. Lakini je, atakubali kwamba aliyesema ni yeye?