Paka wa Mavyaa Amechafukwa na Tumbo

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huko Kilwa hamjambo? Mguu wa baba umepata nafuu, au bado anachechemea? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Nimeketi uani naandika, jicho moja kwenye karatasi, jingine kwa paka.

Paka mwenyewe ni Shani, wa mavyaa wangu. Ijumaa ndipo niliporuhusiwa kuingia jikoni mara ya kwanza tangu harusi. Nikapika wali na mchuzi wa nguru wa nazi, vitunguu tele, kama ulivyonifunza. Watu wakala, wakasifu. Mavyaa kwa furaha akamjazia Shani sahani nzima. Kufika jioni paka anatapika, anaharisha, ua haukanyagiki!

Basi mavyaa akanigeukia. "Miaka tisa paka huyu hajaugua. Wewe umeshika mwiko siku moja tu! Umetia nini?" Mama, nililia. Akasema Shani akifa atakuandikia barua uje unichukue. Mume wangu yuko kazini kwenye mkonge, huko Maramba, harudi hadi mwisho wa mwezi. Nani anisemee?

Jana kutwa akamuuguza kwa mapenzi yake: paka akitapika, anampa maziwa ya ng'ombe, akitapika tena, anamwongeza. "Maskini, tumbo tupu!" Mimi naona maziwa ndiyo yanayommaliza, lakini mke mgeni atamfundisha nini mavyaa wake? 

Leo alfajiri nikamkumbuka yule paka wetu wa dukani, ulivyokuwa ukisema tumbo lililochafuka lipumzishwe. Nikayamwaga maziwa, nikaweka maji safi peke yake. Wallahi, mavyaa alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Anamnyima paka chakula! Mola atatuadhibu nyumba nzima!"

Nikamwambia, "Mama, ni hadi adhuhuri tu. Maji anayo. Akiyakataa, au nikiona damu, nitambeba mwenyewe nimpeleke kwa bwana mifugo." 

Adhuhuri nikamchemshia samaki changu, bila chumvi, bila nazi, bila kitunguu. Nikatoa miiba yote, nikampa kipande kama ncha ya kidole. Akala. Nikangoja. Mavyaa naye akangoja, amenipa kisogo. Hakutapika. Muda kidogo nikampa kipande kingine, na sasa hivi nimempa cha tatu. Loo, ngoja, ameinuka!

Nimerudi. Anajilamba manyoya, mama! Tangu Ijumaa alikuwa hajajilamba.

Mavyaa amekuja kuketi mkekani pangu. Kisha akauliza namwandikia nani. Nikamwambia ni wewe. Akatazama paka, akatazama karatasi, akasema: "Basi ile barua yangu itie humo humo. Mwambie mamako amelea. Na asijisumbue kuja, huyu simtoi."

Machozi yamelowesha karatasi, usishangae kuona wino umetambaa.

Nisalimie baba, na shangazi Mwanahawa aliyenisuka siku ya harusi. Dada Rukia mwambie paka wake asimpe mchuzi, hata akilia namna gani.

Mwanao,

Mwanaidi