Mgeni Aliyetolewa Tangini

Jumamosi, Kituntu. Asubuhi ukungu, mchana mawingu mazito ambayo hayakutoa hata tone.

Leo Deus alikuja kutoka Bukoba. Sikuwahi kumwona, lakini jina lake nimelibeba tangu tulipomzika mume wangu, Projest, miezi minne iliyopita. Walikuwa mafundi kwenye meli moja ya Ziwa Victoria.

Kazi yao ilikuwa majitaka. Projest hakuionea aibu. Akiwa likizo alinieleza jikoni, mimi namenya ndizi: maji ya vyooni hayamwagwi ziwani hivihivi. Yanaingia kwenye tangi, yanapulizwa hewa ili vijidudu viule uchafu, kisha yanatiwa dawa. "Ziwa hilihili watu wanachota maji ya kunywa," alikuwa akisema.

Siku ya ajali pampu ya hewa ilikuwa imekufa, na uchafu ukaoza mle tangini ukatoa hewa ya sumu. Deus aliingia kuzibua bomba bila kupima hewa. Akaanguka. Projest akashuka kumfuata.

Hayo niliyajua. Mengine nimeyajua leo, Deus akieleza kwa kichwa kilichoinama, kama alivyosimuliwa na wenzao. Projest alimfunga kamba kifuani, akawaambia wavute. Wakavuta. Walipoirudisha kamba chini, Projest hakuwa tena na nguvu ya kuishika.

Kamba ilikuwa moja.

Mama mkwe alimpa mgeni kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu ya kumkaribisha mtu, kisha akamwekea ndizi na maharage. Deus hakugusa.

"Mama, mimi ndiye niliyestahili kulala kaburini pale migombani," alisema.

Mama mkwe akamsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Aliyekutoa mle hakukutoa ili ufe njaa."

Akala huku machozi yakimtoka.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili hakuna mwingine anayelisoma. Nilipomwona anatafuna, nilimchukia. Nilimchukia kwa kuwa na meno, na koo, na mkono unaojua njia ya kwenda mdomoni. Halafu nikamchukia Projest, mtu mwenye mke na watoto wawili, na bado akashuka. Nikaingia chumbani nikalia, maana najua Projest ambaye asingeshuka nisingekubali anioe.

Deus alipoaga sikutoka. Nilimsikia akimwambia mama mkwe kwamba angependa kurudi kupalilia kaburi.

"Karibu," mama akajibu. "Hapa ni kwenu."

Kwao. Neno hilo limenikaa kooni mpaka sasa.

Sijamsamehe, na sitajidanganya kwamba nimesamehe. Lakini njia ya kurudi Bukoba ni ndefu, naye ameondoka analia. Kesho tukitoka kanisani nitamwomba mama mkwe namba ya simu ya Deus, nimuulize kitu kimoja tu.

Kama alifika salama.