Kerezo la Bomani

Jumatatu, 14 Agosti 1905
Kerezo, mashine ya kuchongea chuma, limefika bomani, vipande vipande, vichwani mwa wapagazi kutoka Ziwani. Bwana Fundi, Mdachi wetu wa karakana, kalifunga kwa mikono yake, hata chakula kakisahau. Pankrasi, msaidizi wangu, anazungusha gurudumu kubwa, chuma kinageuka, mimi nakikereza. Kukereza rahisi. Kukata kipande kitoke — hapo ndipo penye kazi. Kisu kikalia kama nguruwe, chuma kikakipanda kisu, tak! Kimevunjika. Pankrasi kacheka mpaka kakaa chini. Mngoni huyu nimempenda.

Alhamisi, 17 Agosti
Nimejua. Kisu kikae sawasawa na kitovu cha chuma, si juu, si chini. Kisitokeze sana, kama ulimi wa mtoto mwenye adabu. Na mafuta tele. Bwana kanipa ya nguruwe. Nikamwambia mimi Mwislamu, akaomba radhi, nikatia ya nyonyo. Leo nakata pete za pampu ya kisima, zinadondoka karaini moja moja. Sauti tamu. Subira, mke wangu, anasema habari ni pete, pete, na yeye kidole kitupu. Haya, kesho namkatia ya shaba.

Ijumaa, 18 Agosti
Ya shaba imembana. Kaivaa hivyo hivyo.

Jumamosi, 26 Agosti
Pampu kando. Wapagazi wa Kilwa wanasema huko Umatumbi watu wamekunywa maji ya dawa, wanapigana na Wadachi, risasi haziwaingii. Bwana kaleta fito za chuma: nikate vipande vifupi, viwe risasi za magobore ya rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wa boma. Kazi nyepesi kuliko pete. Pankrasi anazungusha, macho kwenye karai, hata mzaha hana. Si kawaida yake.

Jumatano, 30 Agosti
Pankrasi kaokota kipande karaini, bado cha moto, anakirusha mkono huu na huu. “Kaka Salum, hiki kinamtoboa mtu?”
Nikasema kinamtoboa.
“Mimi hakinitoboi.”
Maji yamefika kwao Lusewa. Kanywa yeye, wamekunywa na shemeji zake. Nikachovya kipande kwenye ndoo, nikakitoa. Tazama, bado chuma. Kasema maji yako si yale. Wala hakukasirika. Jumapili anaondoka, nimwambie Bwana ana homa.
“Na wewe, kaka, kata tu. Sitaki wakufukuze.”
Kisha kashika gurudumu, kazungusha mpaka fito zikaisha. Bora angenitukana.

Ijumaa, 1 Septemba
Nimeswali. Nimemwombea Pankrasi, mtu wa msalaba. Sijui kama inafaa. Nimeomba tu.

Jumatatu, 4 Septemba
Hakuja. Nikasema homa, nikadhani yamekwisha. Bwana kaingia chumbani kwake, katoka na kwinini. “Pankrasi mtu mzuri. Mchana twende tukamwone.” Wema gani huu wa kuniua?
Nyumba yenyewe iko Matogoro, si mbali. Nimemtuma Subira mbio, apite mashambani, chungu cha uji kichwani asishukiwe. Amwambie Notburga, mke wa Pankrasi, amlaze yeyote kitandani, amfunike gubigubi.

Mchana. Bwana kavaa kofia. Nimemwomba nimalizie ufito mmoja. Gurudumu nazungusha mwenyewe, mkono huu gurudumu, huu kisu, kazi inakwenda kwa kujikokota, ndivyo nitakavyo. Ananingoja mlangoni, anapangusa miwani. Naandika hapa nyuma ya kerezo, adhani napima.

Subira huyo. Uji haujaguswa. Kapita karibu yangu, kasema kwa Kiyao chetu, Bwana asielewe: nyumba tupu. Notburga hayupo, hata kuku hawapo.
Bwana kaona chungu, kajua katoka kwa mgonjwa, anamsalimu vizuri. Anamuuliza mgonjwa anaendeleaje.
Subira ananitazama mimi.