Shafti Iliyokamatwa na Mtani

Mwanangu Ramadhani,

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe, maana hiyo shikamoo yako ningeingoja ningezeeka mara ya pili. Tangu nihamie huku ng'ambo ya Kaliua kumfuata mwanao Hamisi, mahindi yamepandwa yakavunwa, yakapandwa tena yakavunwa, na wewe hapo Tabora unasikia treni ikipiga honi unageukia ukutani. Reli imekukosea nini? Mbuzi wa watu wanapanda behewa wanafika, wewe mwenye miguu miwili umeshindwa.

Haya, nimemaliza. U mzima? Kifua cha mkeo kimetulia? Mimi goti linauma likitaka, lisipotaka nalima. Anayeandika ni Zuhura, mke wa Hamisi. Shule mimi sikuiona hata mlango, lakini nimemwambia asinipunguzie neno, na akimaliza atanisomea.

Sasa sikiliza jinsi mwanao alivyotaka kutukimbia.

Kazi yake unaijua: lile gari la fowili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, linavuta tela lenye mashine ya kupukuchua mahindi, anazunguka mashamba ya watu. Mashamba mengi yako ng'ambo ya korongo, na korongo lenyewe kiangazi ni mchanga mtupu, gari linazama mpaka tumboni. Hamisi akaona dawa yake ni matairi makubwa. Akayafunga. Gari likasimama juu kama twiga, nikawa naegesha kinu ndipo nipande. Likaacha kuzama, kweli, lakini likaacha na kuvuta. Ukilifungia tela linanguruma tu, linanuka klachi kama ugali ulioungulia chini. Akabadilisha klachi, ikaungua. Akabadilisha nyingine, nayo ikaungua. Watu wa ng'ambo wakaanza kupiga mahindi yao kwa fimbo kama zamani.

Siku moja namkuta anakunja mashati.

"Safari ya wapi?"

"Dar, bibi. Nitaendesha gari za watu. Mashine nauza."

"Na Zuhura?"

"Nitamtumia nauli."

Ramadhani, maneno hayo niliyasikia kwa wajomba zako, na nauli yenyewe wanaitafuta mpaka leo. Sikulia. Nilimwambia, "Twende kwanza kwa fundi Masima, naye akishindwa nitakusaidia kukunja, maana hayo mashati unayakunja vibaya."

Masima ana gereji pale Kaliua. Ni Mgogo, mtani wetu, na utani wake hauna mapumziko. Kabla hata ya salamu: "Wanyamwezi hao. Babu zenu walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, wakanywa maji yetu, ushuru wengine hawakutoa. Mmekuja kulipa?"

"Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi," nikamwambia.

Akaingia uvunguni anacheka, akatoka amenuna. "Gari limerefuka miguu, bibi, na nguvu ni zilezile. Kila hatua sasa inalizidi. Tulibadilishie meno ya difu, lipige hatua fupifupi. Babu zako na zile pembe walikuwa wanaruka?"

"Walikuwa wananyata."

"Basi nalo linyate."

Kumbe difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu, ziko mbili, moja mbele na moja nyuma. Meno yakaagizwa Dar. Ya nyuma yakaja, ya mbele yakachelewa. Masima akafunga ya nyuma, na kwenye barabara kavu gari likavuta, Hamisi akawa anapiga mluzi. Lakini tulipotaka kuondoka, Masima tayari alikuwa amechomoa shafti ya mbele, lile dude refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, akalipandisha juu ya kabati lake.

"Hii nimeikamata. Mpaka Wanyamwezi waniletee jogoo."

Tulicheka. Mtani akikamata kitu chako utafanya nini? Hukasiriki, unakomboa. Hamisi akasema mwache akae nayo, gari si linatembea. Likatembea mpaka korongoni. Bila magurudumu ya mbele halikufua dafu, likakwama palepale ukingoni, watu wa ng'ambo wanatutazama. Mashati yakarudi kitandani kukunjwa.

Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, yule niliyekuja naye kutoka Tabora akiwa kifaranga, nikapanda bodaboda mpaka Kaliua. Masima akampokea, akashukuru vizuri. Shafti hakutoa.

"Toa mali ya mjukuu wangu."

"Sitoi, bibi."

"Jogoo umemchukua."

"Jogoo ni wa utani. Kwenye shafti sitanii."

Nikamwambia maneno ambayo Zuhura amekataa kuyaandika. Alisubiri nikachoka, akanivutia kiti. Akasema, nyuma kuna meno mapya, mbele ya zamani. Hamisi akiunganisha magurudumu yote, mbele kutataka hatua ndefu, nyuma fupi. Yatavutana, na kitakachokatika ni kitu cha ndani, katikati ya korongo, na tela mgongoni. Hapo ndipo gari linapokufa.

"Mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Ningemwambia angebisha, angekwenda kutafuta shafti nyingine. Mnyamwezi namjua. Na mtani habishiwi."

Nikarudi mikono mitupu. Nikamweleza Hamisi kama nilivyoelezwa, nikaongeza neno moja langu: "Ukiondoka kabla meno ya mbele hayajafika, nitalikalia begi lako." Alinitazama mwili huu, akaona begi halitapona.

Meno yamefika. Juzi Masima kayafunga, karudisha shafti, na mimi nikapanda mbele na tasbihi yangu. Korongoni Hamisi akaunganisha magurudumu yote. Gari likaingia mchangani linanyata, tela linafuata nyuma kama mbuzi mwenye adabu. Nilinusa, nikanusa tena. Hakuna klachi.

"Bibi, tumevuka."

"Naona, sijapofuka."

Lakini tasbihi nilikuwa bado naizungusha. Watu walikuwa wameshatandika maturubai, tukapukuchua mpaka tukawa weupe kwa vumbi. Jioni ile mashati yalirudi msumarini, nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Nisalimie shangazi yako Mwanaidi, mwambie ule ungo ni wangu, aliazima. Nisalimie mkeo, na yule mzee jirani mshona kofia, mwambie namwombea macho.

Na wewe, ukija shuka Kaliua, Hamisi atakuwa stesheni. Masima naye atakuwepo, nimeshampa kazi: atakamata begi lako. Ni mtani, huna ruhusa ya kukasirika, na jogoo wako hatampokea. Atalitoa siku nitakayomwambia mimi. Kwa hiyo usije na kimfuko cha siku mbili. Njoo na begi kubwa, utie nguo za kutosha.

Mama yako