Swali la Baiskeli

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Mimi sijambo, ila kazi imenikaba koo. Wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kompyuta za hospitali yetu kwa kujifanya mkuu wa stoo, na karani akawafungulia kwa heshima tu. Sasa mimi, mhandisi wa usalama, ndiye ninayeziba matundu.

Nakuomba jambo. Hawa watu wanaweza kuandika kama mimi, hata sauti yangu wakaiiga. Nikikuomba chochote kwa namba au anwani ngeni, niulize swali ambalo majirani hawalijui. Nikikosea, usinisikilize tena. Usinionee huruma.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, mimi naupuuza. Umenichekesha kweli. Nimepambana na wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana, halafu nidanganywe na vijana wa kompyuta? Swali ninalo. Sikwambii.

Najivunia kazi yako.

Mama yako

16 Machi

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kwa anwani hii mpya ya barua pepe. Nimeibiwa simu sokoni, na akaunti zangu zote hufunguliwa kwa simu ile tu. Mtaalamu wa usalama nimejifungia nje! Wenzangu wamenicheka mpaka basi.

Hospitali inataka vyeti vyangu halisi Jumatatu ijayo ndipo waniajiri moja kwa moja badala ya mkataba huu wa muda, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Vimo sandukuni mwako. Nitumie kwa basi, tafadhali.

Mwanao

17 Machi

Kwako unayejiita mwanangu,

Salamu. Hali yangu haikuhusu kwa sasa. Nani alimfundisha mwanangu kuendesha baiskeli?

Mama wa mtu

17 Machi

Mama, hilo nalo swali? Baba, Mungu amrehemu. Uwanja wa shule, baiskeli nyekundu ya kuazima. Haya, vyeti.

Mwanao

18 Machi

Wewe mwizi,

Umepatikana. Sijui rangi ya baiskeli umeitoa wapi, lakini mwanangu hawezi kukosea jibu lile. Vyeti vyake hutavitia machoni. Alivisomea yeye, nikashona mimi usiku na mchana. Nenda katafute kazi ya halali, mzima wewe.

Mama wa mtu

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mpaka aibu ikanishika. Baba alikuwa safarini na lori. Ni wewe uliyekimbia nyuma yangu umeshika kiti, gauni umelikunja, unapiga kelele nisitazame chini. Wenzangu shuleni walifundishwa na baba zao, nami nikasema hivyo hivyo mpaka nikaamini. Nisamehe.

Ila jibu hili usilikubali. Nimeshakosea mara moja, na mwizi naye angejaribu tena. Nimewaambia wakubwa kwamba vyeti havitafika. Kazi inaniuma, sikufichi, lakini bora niikose kuliko mimi mwenyewe nikuzoeshe kuwafungulia watu wa namna hii. Usitume kitu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, au mwizi mwenye kumbukumbu nzuri,

Marahaba. Nimelia, tena sana. Ulipomtaja baba yako niliomba Mungu uwe mwizi kweli, maana ningeona nafuu kuibiwa kuliko kusahauliwa na wewe. Sasa moyo umetulia.

Umesema nisitume kitu, na sitatuma. Lakini hukusema nisisafiri. Kazi yako haitachukuliwa na mtu mwingine nikiwa hai na miguu ninayo. Mgongo nimeuambia utalalamika tukifika. Vyeti nimevishonea ndani ya bitana ya koti, koti nimelivaa, na basi linaondoka sasa hivi. Kesho asubuhi nisubiri kituoni, usimame mahali penye mwanga nikutazame usoni vizuri.

Njoo na mkasi.

Mama yako