Bakuli Dogo Nililomtengea Eliamani

Jumapili, Julai. Baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, na mimi pia ningependa nisionekane.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, pamoja na nyie mliokuja kutafuta namna ya kutengeneza saladi ya kabichi mbichi: kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba ulimi wa mwandishi wenu umechukua likizo. Haujafa. Uko mahali pake, umevimba, na unauguzwa kwa maziwa ya baridi. Familia inaomba utulivu katika kipindi hiki kigumu. Salamu zitapokelewa kwa kutikisa kichwa.

Ndiyo, maziwa. Najua niliapa hapahapa kwamba sitagusa tena kitu kilichotoka kwa ng'ombe. Hilo tutaliongea siku nyingine.

Mke wangu, Mama Neema, anawaambia majirani hapa Pasua kwamba nina mafindofindo. Leo amewaambia hivyo hata washarika kanisani. Mwanamke anayekudanganyia watu mpaka mlangoni mwa kanisa ni wa kushukuru, ingawa mwenyewe hajui yote anayoyaficha.

Mimi najua.

Nianzie Pasaka. Tulibatiza mtoto wa ukoo kule Old Moshi, mimi nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nimekalia viti vya plastiki maisha yangu yote, sijawahi kugombana na hata kimoja. Hicho kikaanza kutanua miguu polepole kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, kisha kikanilaza chini taratibu, sahani ya machalari, ndizi na nyama, ikiwa kifuani. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Kwa kweli hata mimi nilianza kucheka.

Lakini mshereheshaji siku hiyo alikuwa Eliamani, mtoto wa Shangazi Aikande, binamu yangu, mdogo wangu kabisa niliyekua naye shamba moja. Huyu anakula kwa ulimi wake. Harusi, send-off, kipaimara, popote Moshi hii ambapo kuna spika na watu waliovaa sare, anaitwa. Akanyanyua maiki: "Jamani, kaka yangu aletewe benchi la kanisani. Na fundi wa kuchomelea akae karibu."

Watu walilia kwa kicheko. Nikavumilia.

Ila akarudia tena baada ya chakula. Halafu akaipeleka kwenye harusi ya watu nisiowajua, na jina langu na mtaa wangu. Nina duka la mabomba na koki. Wateja wakaanza kuingia, nikisema karibu kiti wananiambia, "Hapana Baba Neema, kaa wewe," huku wanakiangalia kile kiti kwa huruma.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba Eliamani atalipa.

Kisasi changu cha kwanza kilikuwa cha heshima: nikonde. Nikapata video za mama mmoja ambaye hapiki kitu, anakula vibichi vitupu, ngozi inang'aa kama nyanya iliyopakwa mafuta. Nikaanza. Karoti, matango, kabichi, choroko nilizozifunga kwenye kitambaa chenye maji mpaka zikatoa mikia. Mchicha niliusaga nikaunywa. Ladha yake ni kama umeanguka kwenye majani mdomo ukiwa wazi. Mama Neema aliniangalia siku ya kwanza mpaka nikamaliza glasi. Akasema, "Baba Neema, hata mbuzi huwa tunamchanganyia na pumba."

Na kila jioni akawa anapika mtori, mlango wa jikoni wazi. Nauhesabu huo kuwa ni uchokozi.

Lakini matunda, jamani, matunda yaliniokoa. Nilianza kwenda soko la Kwa Sadala kama mtu anayetafuta dawa. Nikakutana na magogwe, mekundu, laini kama yai, unakata katikati unachota kwa kijiko, uchungu kidogo, ukali kidogo, halafu utamu unakuja kwa aibu. Nikala forosadi mpaka vidole vikawa kama vya karani wa zamani. Nikala matopetope nikiwa nimesimama pale pale sokoni. Nina miaka hamsini na mbili, nimezaliwa kwenye miteremko hii, na nilikuwa nadhani tunda ni ndizi, na kukiwa na wageni, chungwa.

Nikapungua kweli. Magoti yakaacha kulalamika nikipanda kwa Shangazi. Usingizi ukarudi. Mtu wa kawaida hapo angesamehe, akamshukuru Mungu, akaendelea na matango yake. Mimi nilipata nguvu mpya za kumchukia Eliamani. Zamani nilikuwa nashiba, nasinzia, nasahau. Sasa silali mchana.

Kwa Shangazi Aikande kuna ule mmea wa majani makubwa yaliyotobokatoboka, ule ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye ndoo barazani. Wake haukuwekwa ndooni. Umepanda juu ya mparachichi mpaka hujui mti ni upi. Na unazaa. Unatoa kitu kirefu cha kijani kama hindi, lakini chenye magamba. Nilimuuliza Shangazi kama kinaliwa. Akasema, "Hilo ni ua tu, baba. Achana nalo."

Mtu aliyeokoka kwenye vibichi haambiwi achana nalo. Niling'ata.

Mwanzo hakuna kitu. Unatafuna, unajisifu. Kisha ni kama umetafuna pamba iliyofichwa sindano, na sindano zinaamka moja moja. Siku nzima nilikuwa nauza koki kwa ishara.

Baadaye nikasoma. Kumbe lile tunda haling'atwi. Unalisimamisha kwenye jagi, unalifunika na gazeti, unalisubiri. Linaiva kuanzia chini, kidogo kidogo, na likiiva magamba yanadondoka yenyewe. Unakula pale tu lilipojivua. Kwingine kote ni sindano. Nilisubiri, nikala kile kipande cha chini, nikafumba macho. Nanasi, ndizi mbivu na stafeli vimekaa chumba kimoja bila kugombana. Sijawahi kula tunda zuri kama lile.

Nikaangalia sehemu ya juu ambayo bado ilikuwa na magamba.

Nikamfikiria Eliamani na ulimi wake.

Wazo lilikuja lenyewe, sikulifukuza. Nililiwekea kiti.

Jana Jumamosi kulikuwa na ibada ya shukrani nyumbani kwa Shangazi, mguu wake umepona baada ya upasuaji. Nilijua Eliamani atakuja mchana, na jioni ana send-off kwenye ukumbi mmoja mjini, familia kubwa, watu wa kamati wenye masharti. Nikaandaa mabakuli mawili. Kubwa la watu wote, lenye vipande vya chini, vilivyoiva, nikachanganya na papai na pesheni. Na dogo la mtu mmoja, lenye vipande vya juu nilivyovivua magamba kwa kisu, nikavifunika pesheni nyingi ili vipendeze.

Alikuja amevaa suti yenye rangi ya gogwe. "Shikamoo Kaka. Mbona umekuwa kijana? Tukutafutie mchumba?"

Mama Neema akamjibu kabla yangu: "Mchukue, Shemeji. Ila uende na kabichi zake."

Bakuli kubwa likapita. Watu wakaonja kwa woga, kisha wakarudia. Shangazi akatafuna, akauangalia mparachichi wake, akatafuna tena. "Yaani hiki ndicho kinachoning'inia hapo miaka yote, tunawaachia ndege?" Nilisifiwa jana, kwa muda mfupi, kuliko nilivyowahi kusifiwa kwa jambo lolote. Ningeishia hapo.

Nikachukua bakuli dogo nikampelekea Eliamani kwa mkono wangu. Nikamwambia hili nimekutengea wewe, ni zuri kwa sauti.

Wakati huohuo mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inazunguka. Kwetu anayekupa mbege anaonja kwanza mbele yako, ndipo anakupa kata, ili uone haina jambo. Jirani aliyeipika alikuwa ameshapiga funda lake. Eliamani akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akapaza ile sauti yake ya ukumbini.

"Jamani ngojeni. Huyu kaka hajanipa kitu kwa mkono wake tangu Pasaka. Mwenye pombe anaonja. Mwenye saladi kwa nini asionje?"

Watu wakacheka. Shangazi akasema, "Si kweli? Onja, baba, umpe mwenzako."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nilikuwa nimefikiria pesheni, nimefikiria ukubwa wa vipande, sikufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuitoa desturi ya mbege akaipeleka kwenye matunda. Na kwenye uwanja ule, mbele ya wazee, ukikataa kuonja ulichokitoa umeshasema kilicho ndani.

Nikachukua uma. Nikachagua kipande kikubwa, maana kidogo kingetiliwa shaka. Nikatafuna, nikameza, nikatabasamu.

Eliamani akala. Hakuonja, alikula, kama mtu anayetaka kunifurahisha. Alikuwa ameshafika chini ya bakuli alipogusa mdomo wake kwa kidole, kama anatafuta unywele.

Sitawachosha na yaliyofuata. Wanaume wawili wazima kwenye pipa la maji, tunatema kwa zamu. Shangazi anachechemea na kibuyu cha maziwa mgando. Suti ya rangi ya gogwe ikapata mabaka meupe. Jioni ukumbini maiki ikashikwa na mshindani wake wa Kwa Sadala, na nasikia familia ya bibi harusi wamempenda, wanataka awe huyohuyo siku ya harusi yenyewe.

Kwenye kundi la ukoo hakuna anayenilaumu. Wananipa pole. Baba Neema alitaka kutuonjesha afya, tunda likamgeuka. Ushahidi wao ni mmoja na hauna jibu: angejua lina shida, angeonja yeye kwanza?

Leo baada ya ibada Eliamani amekuja hapa na sufuria ya maziwa. Hawezi kuongea. Mimi siwezi kuongea. Tumekaa tukitazamana kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Kisha akaandika kwenye simu yake akanipa nisome.

"Kaka nisamehe sana. Bila mzaha wangu usingekula kile kitu. Mimi ndiye niliyekulazimisha."

Nikasoma. Nikasogeza chini, labda kuna habari ya kiti. Hakuna. Hata nukta. Mtu amekuja kutoka nyumbani kwake, ulimi umevimba, amepoteza kazi, kuniomba msamaha kwa kosa ambalo hakufanya, na lile alilofanya hana habari nalo. Nilikasirika upya. Nilikasirika kwa kuwa na hasira naye huku ananishika mkono.

Nikatikisa kichwa kwamba yameisha. Akajinyoosha kwenye kochi, akalala. Ninavyoandika hapa chumbani namsikia anakoroma.

Jana usiku nilimwandikia Mama Neema kwenye simu kwamba bakuli lile nililiandaa kwa ubaya, ila nilipolionja nikajuta, nikataka kumzuia Eliamani, ulimi ukawa umeshavimba. Akanikemea, kisha akanihurumia, akasema basi, Mungu ameona ulitaka kumzuia. Ndiyo maana akaona mafindofindo yanatosha. Nilitaka na hapa niandike hivyo hivyo. Nimeandika nikafuta.

Lile tunda linachelewa. Nimeshawaambia, mwanzo hakuna kitu. Kati ya kumeza kwangu na sindano ya kwanza kulikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo mdomo wangu ulikuwa mzima kabisa. Watu walikuwa wameshageukia kata ya mbege. Eliamani alikuwa ameshika uma, hajala. Akaniinamia, bila sauti ya ukumbini, akaniuliza mimi tu:

"Kaka, kweli hakina shida? Nina kazi jioni."

Nikamwambia, "Kula, mdogo wangu."

Nilisema vizuri, kila silabi mahali pake. Ndiyo maneno ya mwisho niliyotamka, na tangu jana sina mengine ya kuyafunika.

Kukoroma kumenyamaza. Anakohoa, anatafuta viatu. Naenda kumpa simu asome hii kabla yenu.